Tulivyomlisha zimwi Wisconsin

Majira ya baridi ya mwaka 1981 ziwa Mendota liliganda kabisa, na sisi watoto wa Eagle Heights tukakosa pa kwenda. Eagle Heights ni mtaa wa nyumba za wanafunzi wenye familia, pembezoni mwa mji wa Madison, Wisconsin. Baba alikuwa ametoka Morogoro kwenda kusomea shahada ya udaktari katika kilimo, akatuchukua wote: mama, dada yangu na mimi. Nilikuwa na miaka 10. Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, cha kunakili na kuitikia kwa pamoja, na miezi mitatu ya kwanza darasani sikufungua mdomo ila kusema kwamba nipo.

Juu yetu alikaa kijana wa Kimarekani aliyenizidi miaka miwili. Jumamosi moja alitugongea mlango, amebeba boksi jekundu la kuelekea zambarau. Kwenye kifuniko palikuwa na joka likichomoza majini ndani ya pango, mbele yake amesimama shujaa mwenye mkuki na mwanamke anayewasha uchawi kwa mkono. Dada alimwangalia yule mwanamke kwa muda mrefu. Kijana akasema anahitaji watu wa kucheza nao, wa kwake wote wako mbali na barabara zimejaa theluji. Jina la mchezo lilikuwa Dungeons & Dragons. Lile lilikuwa toleo la wanaoanza lililohaririwa na Tom Moldvay, limetoka mwaka huohuo.

Kitu cha kwanza tulichokifanya siku ile hakikuwa kucheza. Dadu zilizokuja kwenye boksi hazikuwa na wino. Zilikuwa za plastiki, za maumbo ambayo sikuwahi kuyaona: moja ya pande 4 kama piramidi ndogo, nyingine ya pande 8, ya 10, ya 12, ya 20. Tarakimu zilikuwa zimechimbwa tu kwenye plastiki, rangi ileile, hazisomeki mpaka uziinamishe kwenye mwanga. Pamoja nazo kulikuwa na kipande cha kalamu ya nta. Kazi ilikuwa kuisugua nta juu ya kila upande mpaka iingie kwenye mifereji ya tarakimu, halafu kufuta ya juu. Dada ndiye aliyeifanya kazi hiyo, ameketi sakafuni karibu na bomba la joto, anasugua, anafuta kwa pindo la kanga ya mama. Ile dadu ya pande 20 peke yake ilimchukua kitambo kirefu. Kanga ile ilibaki na madoa meupe ya nta hadi tuliporudi nyumbani.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mmoja ndiye mwendeshaji. Yeye peke yake anajua pango lina nini, ana ramani yake nyuma ya kijikaratasi cha kukinga macho. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni: mpiganaji, mwizi, mtu wa dini, mwanauchawi. Mwendeshaji anaeleza mnachokiona, nanyi mnasema mnachofanya. Anaeleza kilichotokea, mnasema tena. Dadu zinaingia pale tu ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule. Basi. Mchezo mzima ni maneno yanayokwenda na kurudi.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mwanauchawi. Kwa kila sifa yake, kuanzia nguvu hadi mvuto, nilirusha dadu tatu za kawaida, kwa mpangilio, bila kuchagua. Akili zake zilikuwa nyingi. Ikaja zamu ya uhai, na mwanauchawi katika toleo lile alirushiwa dadu ya pande 4 tu. Nikapata 1. Pointi moja ya uhai! Alikuwa na fumbo moja la uchawi, la kulaza watu usingizi, na alikuwa na ruhusa ya kulitumia mara moja kwa siku.

Tulikuwa wanne pale mezani. Mimi, dada, mvulana kutoka Korea wa jengo la pili, na msichana wa Kibrazili ambaye mama yake alikuwa akisoma na baba. Tukafika kwenye bonde la mapango. Mwendeshaji akasema, mbele yenu kuna mdomo wa pango, ndani giza. Mimi nikajikusanyia Kiingereza changu chote nikatamka neno moja: naingia. Akarusha dadu, akanitazama kwa huruma ya kweli. Hatua chache ndani ya pango lile kuna shimo lililofunikwa, la futi 10 kwenda chini. Mwanauchawi wangu alikuwa ameishi labda robo saa.

Kilichonishika siku ile kilitokea baada ya hapo. Nimekaa nimenuna, nachora mtu mwingine, nikamsikia yule Mkorea, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kama changu, anauliza. Sakafu ni ya mawe au ya udongo? Ya udongo. Nikiigonga kwa mti wangu mrefu, inalia vipi? Kijana akatabasamu, akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha akagonga boksi tupu. Sauti mbili tofauti. Sote tukaelewa. Mti wenyewe uliuzwa kwa kipande kimoja tu cha dhahabu, umeandikwa kwenye orodha ya vifaa pamoja na kamba na mienge, na ulikuwa na faida kuliko upanga wowote tulioubeba mwaka ule.

Mwizi wa daraja la kwanza katika toleo lile alikuwa na nafasi 10 tu katika 100 ya kugundua mtego. Kumi! Ukimtegemea yeye na dadu zake utazika watu kila wiki. Lakini ukiuliza ukuta una nyufa wapi, vumbi limekanyagwa upande gani, maji yanatiririkia wapi, mwendeshaji analazimika kukujibu, na katika jibu lake ndimo usalama wako ulimo. Kwa mtoto niliyelelewa kwamba mkubwa akisema unaitikia, kwamba anayeuliza sana ana kiherehere, ule ulikuwa ulimwengu mwingine. Nilianza kwa maswali ya neno moja. Kubwa? Moto? Wangapi? Kufikia theluji ilipoyeyuka nilikuwa nauliza sentensi nzima, na mwalimu wangu akamwandikia baba barua kumuuliza kuna nini kimebadilika nyumbani.

Dada naye alikuwa na swali lake, moja, la kila mara. Yeye ndiye aliyekuwa mchora ramani wetu, kwenye karatasi ya miraba, kila mraba futi 10. Kabla hajachora chumba chochote kipya alikuwa anauliza: kuna harufu?

Mama alikuwa na wasiwasi na jambo zima. Miaka ile Marekani hofu ilikuwa imeshaanza kuenea makanisani kwamba mchezo huu ni mlango wa mashetani, na mama mmoja aliyesali nasi alimvuta kando akamweleza hayo yote. Mama akarudi kimya. Hakutupigia kelele. Jumamosi iliyofuata akaleta sinia lake la maharage mezani, akakaa kuchambua, akatuambia tuendelee, yeye anasikiliza.

Siku hiyo tulikuwa tumeshapigana mapango mawili na tulikuwa hoi. Tumebaki na pointi chache za uhai, fumbo la usingizi limeshatumika, na mienge ilikuwa miwili. Mwenge mmoja katika kanuni zile huwaka saa moja tu. Mbele yetu pango jingine. Dada akauliza swali lake. Kijana akajibu, ndiyo, harufu kali, ya uchachu. Mnaona kama dubu mkubwa amelala. Mnatazama vizuri, ni ngozi ya dubu, imetandikwa kama kitanda. Na upande wa mashariki ameketi zimwi, anawatazama.

Tukaanza kubishana kwa minong'ono, kwa Kiswahili na Kiingereza, tupige au tukimbie. Mama hakuinua macho kwenye sinia.

"Kwani huyo zimwi amekula?"

"Hatujui, mama."

"Basi muulizeni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ninyi mmeingia nyumbani kwake hata hamjamsalimia."

Tukamtafsiria kijana. Akanyamaza kidogo, akafungua kitabu. Kulikuwa na jedwali kwa ajili hiyo, la kurusha dadu mbili ukitaka kujua kiumbe atawapokea vipi: 2 anashambulia papo hapo, 12 anawapenda kama ndugu. Akarusha, ikawa 10. Zimwi anasikiliza, anataka kujua mmemletea nini. Tukampa chakula chote cha safari tulichokuwa nacho, tukamwagia mbele yake dhahabu zetu zote. Akatuacha tupite. Mama akafika mwisho wa maharage yake, akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba hizi ni ngano, hakuna shetani hapa. Hakuuliza tena.

Mapango yale yalitoka kwenye kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi, nami nilikuja kukisoma mwenyewe miaka mitatu baadaye. Ni The Keep on the Borderlands, alichoandika Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu. Kuhusu zimwi yule kinaeleza kwamba majirani zake wamekuwa wakimlipa awasaidie vitani, na kwamba mtu akimtolea malipo makubwa zaidi, malipo anayoweza kuyaona na kuyashika, kwa kawaida atayapokea na kurudi pangoni kwake. Nilipoifikia sentensi hiyo niliacha kusoma, nikaenda kumtafuta mama jikoni kumwonyesha.

Miaka yote mitatu ya Madison hatukujua kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa jirani yetu. Lake Geneva, alikokaa Gygax, ni mji mdogo wa kando ya ziwa, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa bima Chicago hadi alipopoteza kazi mwaka 1970, na kwa muda alilisha watoto wake kwa kushona viatu nyumbani. Usiku alikuwa anaandika kanuni za michezo ya vita vya wanasesere wadogo wa madini ya risasi. Upande wa pili, katika miji pacha ya Minneapolis na St Paul, kulikuwa na kundi la wachezaji lililokuwa limechoshwa na michezo ya vita vya majeshi. Mwaka 1969 David Wesely aliendesha mchezo mmoja ambao kila mchezaji alikuwa mtu mmoja katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, mwenye shida zake na malengo yake. Wachezaji wakaanza kuzunguka vyumbani wakiongea na kufanyiana hila, na Wesely akadhani mchezo umeharibika. Wao wakataka tena. Mmoja wao, Dave Arneson, akachukua wazo hilo akalishusha chini ya ngome ya kubuni ya Blackmoor, akaweka giza na madude, kisha akasafiri kwenda Lake Geneva kumwonyesha Gygax.

Kilichotoka mwanzoni mwa mwaka 1974 kilikuwa vijitabu vitatu vyembamba ndani ya boksi la kahawia, nakala 1,000, zilizopangwa kwa mikono nyumbani, dola 10 kila moja. Nimevisoma mara nyingi sasa. Vimeandikwa na watu walioshazoea kucheza pamoja na wakasahau kwamba sisi hatukuwepo. Kanuni za kupigana zinakupeleka kwenye kitabu kingine. Kwa safari za porini wanakushauri utumie mchezo wa ubao wa kampuni nyingine kabisa. Mambo mengi hayasemwi. Kila kundi lililonunua boksi lile likajaza mapengo kwa akili zake, na watu wa mji huu wakawa wanacheza tofauti na wa mji ule. Wapo wanaouona huo kuwa uandishi mbovu tu. Mimi naona kwamba bila yale mapengo mama yangu asingepata mahali pa kuingilia.

Tulirudi Morogoro katikati ya mwaka 1984. Kijana wa juu alinipa boksi lake siku ya kuondoka, na lilivuka bahari katikati ya nguo zangu. Tulilikuta taifa katika miaka ya foleni, sabuni ya kutafuta, sukari ya kutafuta. Umeme ulikatika jioni nyingi. Binamu zangu watano walikuwa wakija kwetu jioni, na nikawa mimi ndiye mwendeshaji.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha, na nadhani ndiyo shida tamu kuliko zote nilizowahi kupata. Magic-user, yule mwanauchawi, utamwitaje? Nilisema mchawi, bibi akasikia kutoka uani, akaja. Mchawi kwetu ni anayeroga, na hakuna mtoto wa ukoo wetu atakayejiita hivyo hata kwa kucheza. Tukashauriana naye, likapita jina la mjuzi. Vile vijitu vyenye sura ya mbwa na magamba vikawa vibwengo, hilo halikuhitaji mjadala. Majini na ndege mkubwa wa kubeba tembo walikuwamo kwenye vitabu vya mchezo huu kabla yetu, wametokea kwenye hadithi za Arabuni, na binamu zangu waliwajua kuliko mwandishi. Lakini elf, kiumbe kama binadamu mwenye masikio yaliyochongoka, alitushinda. Nikamwacha hivyohivyo, elfu, na hapo ngeli zikaanza kutucheka: elfu mmoja anatembea, elfu moja ni hesabu, na wakija wengi ni maelfu. "Mnakutana na maelfu watatu," nilisema usiku mmoja, na mchezo ukasimama kwa dakika kumi kwa kicheko.

Kisha mwendeshaji mwenyewe. Kwa Kiingereza anaitwa bwana wa gereza la chini ya ardhi, jina refu lisilofaa kinywani. Binamu mdogo kuliko wote, wa miaka 7, ndiye aliyelipata. Alikuwa amezoea vitendawili vya bibi. Kila nilipoanza kueleza chumba kipya yeye aliitikia kwa nguvu: tega! Wengine wakamfuata. Basi nikawa mtegaji.

Sijawahi kulipata neno bora kuliko hilo katika lugha yoyote. Mwindaji anatega mtego. Bibi anatega kitendawili. Anayesikiliza anatega sikio. Mezani pale nilikuwa nafanya yote matatu, na wao wakiwa wanategua: mwizi wa kikundi anategua mtego wa mlangoni kwa maneno yaleyale ambayo mwenzake anategulia fumbo la bibi. Na walipokwama kabisa walinipa mji, kama inavyopaswa. Wakasema, haya, chukua mji, tuambie. Nilianza kuiandika miji waliyonipa kwenye ramani ya nchi yetu ya kubuni. Dodoma niliipata mara mbili, na Kigoma, na Zanzibar yote.

Dadu ya pande 20 ilipotea mwezi wa pili, ikaingia kwenye mtaro wa mvua. Tukakata karatasi 20, tukaziandika namba, tukazikunja na kuzitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukichomoa, unaisoma kwa sauti halafu unairudisha. Nilidhani tumefanya jambo la kimaskini hadi niliposoma, ukubwani, kwamba dadu zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 70 kampuni yenyewe ilitia vipande vya karatasi vyenye namba kwenye maboksi yake.

Mwanga ulikuwa wa koroboi. Mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea, kwa hiyo mama alitupimia kidogo kila jioni, na yakiisha yameisha. Sikuhitaji tena kuhesabu saa ya mwenge wa kwenye kitabu. Niliwaambia binamu zangu kwamba koroboi hii ndiyo mwenge wenu. Utambi ulipoanza kurukaruka, nao ndani ya pango walianza kurudi nyuma kutafuta mlango wakiwa wameshikana mashati. Usiku mmoja ulizimika wakiwa bado ndani. Tulikaa gizani, hakuna aliyecheka, na yule wa miaka 7 akauliza kwa sauti ndogo kama wanaweza kusikia maji. Nikawaambia wanayasikia, kushoto. Wakatoka wakiyafuata, kwa maswali matupu, bila kopo wala karatasi kwa sababu hakuna aliyeweza kuzisoma.

Ninacheza matoleo mapya pia, na vijana wa ofisini kwetu Dar es Salaam. Vitabu vitatu vya toleo la tano, lililotoka kuanzia mwaka 2014, kila kimoja kinapita kurasa 300, vimechapishwa vizuri, na mchezaji anayeanza hafi kwa kuingia tu mlangoni. Sina ugomvi navyo. Ila naona vijana wakifika kwenye chumba wanaangalia kwanza karatasi zao, wana ujuzi gani ulioandikwa, halafu wananyoosha mkono kwa dadu. "Nachunguza chumba," wanasema, na kurusha. Huwa nashika dadu kabla haijatulia. Nawauliza: unachunguza wapi? Kwa mkono au kwa jicho? Wengine wanaona nawachelewesha. Labda ni kweli.

Ramani ya Madison ilibaki na dada. Yuko Mwanza sasa, mwalimu, na mwezi uliopita alinitumia picha yake kwa simu. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Mapango yote yamo, kwa penseli yake ya miaka 12, herufi nadhifu, zimwi amewekewa alama ya sahani. Kwenye kona ya juu amechora mdomo mmoja wa pango, mpana kuliko mingine, na ndani yake hakuna kitu, alama ya kuulizia tu. Hatukuwahi kufika. Tuliondoka Wisconsin wiki moja kabla.

Nikampigia. Akaniambia kwamba miaka yote hii amejizuia asitafute humo mlikuwa na nini, ingawa siku hizi ni kubonyeza tu. Nikamwambia mimi nimeshasoma, ninajua. Akanyamaza. Nilisikia kwake mtu anaosha vyombo, na redio.

"Haya," akasema. "Tega."

"Mmesimama mbele ya pango lenye mdomo wa futi 20. Miti iliyo karibu nalo imepindapinda na kuvimba."

"Kuna harufu?"

"Ipo," nikasema.